Waya Mkobani

Shangazi yangu alifanya kazi ya udobi miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuunguza hata kola ya shati la mtu. Pasi yake ilikuwa ya zamani, nzito, ya aina ile ambayo waya wake unachomoka pande zote mbili, ukutani na kwenye pasi yenyewe. Akitoka nyumbani aliiacha pasi mezani, lakini waya aliukunja akautia mkobani. Alikwenda nao harusini, akaenda nao msibani. Siku wazazi wa mchumba wangu walipokuja kunitazama, alifungua mkoba atafute leso, waya ukawaangukia miguuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Majirani walimwita Bibi Waya, naye akacheka nao. Kila akipita chumbani kwa mtu aligusa plagi kwa mgongo wa kidole, na iliyopata joto aliichomoa bila kumuuliza mwenyewe. Mshumaa wake ulisimama kwenye sahani ya maji. Hakumhubiria mtu. Sijapata kuona mtu mwangalifu asiye na makelele kama yeye, ingawa wakati ule mimi nilimwona mshamba tu.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi blauzi ya kazi juu ya kitanda changu, umeme ukakatika. Hapo ndipo wengi tunapokosea, maana umeme ukikatika tunadhani na pasi imezimwa. Nilinuna, nikavaa blauzi ya jana, pasi ya shangazi nikaiacha kifudifudi pale pale, nikaondoka. Chumba cha pili alilala mama, ambaye tangu apate kiharusi hawezi kuinuka bila kushikwa. Shangazi alikuwa bafuni akijiandaa kwenda kliniki.

Saa nne, ofisini, feni ya dari ikaanza kuzunguka. Wenzangu walishangilia. Mimi niliitazama tu. Pasi, na mama ndani peke yake. Nilimpigia shangazi, simu ikaita bila kupokelewa. Sikumuaga mtu. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikanitoka, sikukirudia. Kwenye kona ya mtaa wetu nilitafuta moshi juu ya mapaa, sikuuona, na bado sikuamini macho yangu.

Chumbani kwangu pasi ilikuwa imesimamishwa wima mezani, imepoa, blauzi imekunjwa kando yake. Waya haukuwepo.

Mama alikuwa macho, ameegemea mto. Alinitazama mguu usio na kiatu, asionyeshe kushangaa.

"Wifi yangu kasema ukirudi mbio," alisema, "nikwambie waya anao yeye."

Nilikaa sakafuni nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Shangazi aliporudi mchana nilimngojea mlangoni, na mkoba ule niliokuwa nikiuonea haya niliupokea kwa mikono miwili.