Herufi za Mama Ndani ya Kompyuta

Enzi zetu kalamu ilikuwa inaandika. Uliigusisha karatasi tu, alama ikabaki, iwe nzuri iwe mbaya. Nawaambia ninyi wa rika langu mliokulia Luzira, hapa Kampala, maana hawa watoto wa siku hizi hawatanielewa. Juzi binti yangu Brenda alinipa kalamu ya kwenye kompyuta, ile unayoiongoza kwa kipanya, nikaiburuta toka huku hadi kule, isiandike kitu. Iliweka kidoti kimoja, ikanyamaza.

"Mami, usivute," Brenda akasema. "Bonyeza, kisha enda mbele, bonyeza tena. Laini itakuja yenyewe."

Itakuja yenyewe! Nakumbuka tulipokuwa wadogo, hakuna mstari uliokuja wenyewe nyumbani kwetu. Mama alikuja Kampala kutoka Kisumu akiwa msichana, akapata riziki kwa kuandika majina ya maduka, kuanzia vichochoro vya maduka vya Kikuubo hadi barabara ya Port Bell. Chumba chetu kilinuka tapentaini ya kuchanganyia rangi mpaka ndani ya blanketi. Jumamosi, wenzangu wakicheza kwepena nje na kupigana mpira wa soksi mgongoni, mimi nilikuwa sakafuni na sindano. Mama alichora herufi kwenye karatasi kubwa ya kaki, nami nikazitoboa tundu kufuata mstari. Karatasi ilibandikwa ukutani, tukaipigapiga kwa soksi iliyojaa unga wa makaa. Ukiibandua, herufi imebaki pale kwa vidoti vyeusi, inangoja brashi.

"Karibukaribu!" mama alikuwa akinifokea. "Ukiruka nafasi, brashi itapotea njia." Basi nikatoboa karibukaribu hadi kidole kikafa ganzi. Kazi ikiisha alininunulia kabalagala, zile ndogo za ndizi zinazokaangwa kando ya barabara, nikazila na vidole vyangu vyeusi. Mpaka leo kabalagala isiyo na ladha ya makaa naiona ina kasoro.

Sasa, ilikuwaje nikakutana na hiyo kompyuta? Mzee Barasa, Mkenya mwenzetu anayeuza misumari na rangi barabara ya Port Bell, aliniita akaniambia ukuta wa mbele wa duka lake umepasuka, atauvunja. Ukuta huo umeandikwa KARIBU KWA BARASA, na ni mama aliyeuandika. Kwa ninavyojua, ndiyo maandishi yake pekee yaliyobaki. Mengine yote yamefunikwa na mabango ya plastiki. Mama bado yuko, anaona vizuri tu, ila mikono inatetemeka na brashi haishiki tena.

"Siwezi acha ukuta iniangukie sababu ya herufi," Barasa akasema. "Lakini leta hayo maandishi kwa kompyuta, kuna jamaa wa mashine ya kukata herufi, ayakate kwa bango mpya."

Nilifurahi sana. Nilitaka mkono wa mama ubaki mahali. Nikapiga picha ukuta, nikampelekea Brenda, nikidhani kazi imekwisha. Akatikisa kichwa. Picha ukiikuza inakuwa vimraba vimraba, akasema, mashine haiwezi kuifuata. Inatakiwa vekta. Vekta, kama nilimwelewa, haiweki picha. Inaweka nukta, na habari za jinsi mstari unavyopita kutoka nukta moja hadi nyingine, ndiyo maana unaweza kuitanua iwe kubwa kama nyumba na isichakae. Nikasema sawasawa. Haikuwa sawasawa hata kidogo.

Kumbe mstari ni kitu kimoja na rangi ya kujaza ndani ni kitu kingine. Nilichora K nzima, sikuiona. "Ipo, Mami, ila haina rangi." Kitu kipo, hakina rangi, hakina unene, na mtoto wangu anakiona! Halafu kuna matabaka, yamelazwa moja juu ya jingine kama mashuka. Picha ya ukuta ilikuwa tabaka la chini, imefungwa isisogee, nami nikahangaika kuchora humohumo kwenye tabaka lililofungwa, nikikilaumu kipanya cha watu.

Tulipofika kwenye S nikajiambia, hii naijua. Nikaweka nukta karibukaribu, kama nilivyofundishwa, moja kando ya nyingine, kuzunguka herufi yote. Ikatoka S yenye matuta, kama mkate uliotafunwa na panya.

"Banange, Mami!" Brenda akacheka hadi akashika tumbo. "Dot iko mingi sana! Hapa unaweka chache, kisha unavuta hivi vimikono vinavyotokeza kwa dot, inajikunja yenyewe."

Akafuta nukta zangu karibu zote. Akavuta kimkono huku, akavuta kule, na S ikajikunja laini. Niliudhika, nawaambia ukweli. Nikamweleza kwamba utoto wangu wote nilifokewa nisiruke nafasi, brashi isije ikapotea. Akanijibu kwa upole kwamba humu hakuna brashi ya kupotea.

Tukaendelea. S ya mama ilikuwa imeegemea nyuma kidogo, na tumbo la B lilikuwa limeshuka. Brenda akaniuliza, hii alitaka hivyo au ni ukuta uliopinda? Sikujua. "Basi niisafishe kidogo tu, isimame sawa," akasema, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nikakubali.

Bango lilipotundikwa nilimpeleka mama. Alisimama ng'ambo ya barabara akilitazama muda mrefu, midomo ikisoma herufi moja moja.

"Ni nani ameandika hii?" akauliza. "Huyu mkono wake umetulia."

"Ni wewe, mama. Ni zile zako."

Akacheka, akanipiga begani. "Wacha mchezo. Mimi sijawahi kuandika S imesimama hivyo."

Sikujua nicheke au nilie, na bado sijui. Zamani ulipita Kikuubo na mtu yeyote angekuambia bango hili ni mkono wa nani na lile ni mkono wa nani, hata asiyejua kusoma. Leo mama yangu alisimama mbele ya herufi zake mwenyewe, akaniomba nimpeleke akamsalimie fundi aliyeziandika.