Kebo ya Kulia

Tangu gari lirudi nyuma kule Mikindani, Upendo hakuwa tena mtu wa kutulia. Anaanza kufagia uwanja, anauacha nusu. Anabandika chai, anaisahau, anatoka kulizunguka gari lililoegeshwa kando ya nyumba yao ya Chuno na kuyasukumiza kwa ncha ya kandambili mawe mawili aliyoyaweka nyuma ya tairi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hata madaftari ya kusahihisha ya kumkalisha kitini hakuwa nayo.

Mumewe, Samweli, alimwangalia kutoka barazani. Samweli alitoka Kyela akiwa kijana, akafanya kazi bandarini miaka ishirini na sita akitengeneza winchi na mitambo ya kunyanyulia mizigo. Mwaka uliopita, miezi michache baada ya kustaafu, kiharusi kilimwachia mkono na mguu wa kushoto mzito, na maneno yanayotoka kwa kuchelewa. Upendo ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kwenye mazoezi ya viungo kila Jumatatu. Sasa Jumatatu tatu zilikuwa zimepita wakiwa nyumbani, kwa sababu Upendo hakutaka kugusa usukani.

Siku ile walisimama Mikindani kununua samaki. Upendo aliegesha kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama juu, akavuta hendibreki na kuacha injini inaunguruma ili mgonjwa wake apate upepo wa feni. "Dakika mbili tu, Baba Goodluck," alimwambia Samweli. Alikuwa bado anachagua changu pale muuza samaki, Mussa, alipotupa kisu chini na kupiga kelele, "Mama! Gari lako hilo!" Upendo aligeuka akaliona gari likishuka kinyumenyume, na nyuma ya kioo uso wa Samweli, mdomo wazi, hakuna sauti. Alikimbia, lakini angelizuia kwa kitu gani? Lilipanda lundo la mchanga wa kujengea, likatetemeka, likazimika. Hakuna aliyeumia. Mussa aliweka jiwe nyuma ya tairi, akainama kuchungulia chini, akasema kebo ya hendibreki imekatika, ile ya upande wa kulia.

Watu walimpa pole, wakamwambia amshukuru Mungu. Alimshukuru. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile, mkono wa hendibreki ulikuwa ukipanda juu zaidi kila anapouvuta, na yeye alikuwa akiuona, akisema moyoni, nitamwambia fundi.

Fundi wao, Athumani, naye alikwenda Mpapura kupulizia dawa mikorosho yake. Kila akipigiwa simu alijibu, "Keshokutwa, mwalimu." Basi asubuhi moja Upendo alikuta mezani, karibu na chupa ya chai, kebo mpya iliyozungushwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Samweli alikuwa ameiagiza mwenyewe duka la spea, na mwenye bodaboda ameileta.

"Nani ataifunga?" Upendo aliuliza.

"Wewe."

"Mimi nafundisha darasa la tatu, Baba Goodluck."

"Mikono... unayo miwili," Samweli alisema. "Mimi nitasema."

Na kweli alisema. Aliburuta kiti chake hadi kando ya gari na kuanza kutoa amri, moja baada ya nyingine, bila haraka. Zuia tairi za mbele kwa mawe. Legeza nati za tairi ya nyuma kabla ya kupiga jeki. Shusha hendibreki. Jeki ikishanyanyua, weka stendi za chuma, usiiamini jeki. Upendo alifanya huku akitaka kila kitu kiishe jana. Alifungua kifuniko cha plastiki kwenye mkono wa hendibreki na kulegeza nati ya kurekebishia. Akatoa tairi, akagonga dramu, bakuli la chuma linalofunika breki, kwa nyundo mpaka ikaachia, na vumbi jeusi la breki likammwagikia kwenye kanga. Spana ilimteleza mara nne. Ndoano ya kebo, iliyoshikwa na kijichuma nyuma ya breki, ilimkatalia hadi akatamani kulia.

"Polepole," Samweli alisema.

"Usiniambie polepole!"

Upendo alikuwa amelala chali chini ya gari, akiona miguu ya mumewe tu, mmoja umekanyaga sawasawa, mwingine umelala ubavu. Labda ndiyo sababu akaweza kusema. "Nilijua hendibreki ni mbovu. Ilikuwa inapanda juu kila siku. Nilijua, na bado nikakuacha ndani."

Miguu haikusogea. Alisubiri, spana mkononi. Samweli siku hizi alihitaji muda, na muda ule ulikuwa mrefu kuliko wote.

"Mimi pia... niliiona," alisema hatimaye. "Niko kando yake kila siku. Miaka ishirini na sita ya winchi, ati nisione?" Akapumua. "Nilinyamaza. Ningesema, ungeniuliza tutengeneze vipi. Na mimi siwezi hata kufunga kifungo cha shati."

Upendo aliisukuma ndoano kwa spana, ikaachia.

"Siku ile niliuvuta mkono wa hendibreki," Samweli aliendelea. "Kwa mkono huu mzima. Ukaja mtupu, kama hauna kitu. Nikakuita. Sauti ikakataa."

Upendo alifuta uso kwa kiwiko, akazidi kujipaka vumbi. Kisha akaivuta kebo ya zamani ikatoka yote, nyuzi zake zimefumuka na kutu imezila. Akapitisha mpya, akaibana kwenye vishikizo vyake, akatia grisi, akarudisha dramu na tairi. Mikono ilikuwa imetulia kidogo. Lakini Samweli alipoinama kuzungusha tairi, alitega sikio.

"Inasugua. Kebo umeipitisha juu ya chuma cha ekseli. Ipite chini."

"Haiwezekani."

"Fungua."

Saa nzima ya kazi, bure. Upendo alisimama, akatembea hadi getini, akarudi, akatamka neno ambalo wanafunzi wake hawajawahi kulisikia kwake, kisha akalala tena chini. Ilikuwa kweli, ilipita juu. Alifungua, akaishusha, akafunga upya. Safari hii tairi ilizunguka kama feni, na alipouvuta mkono wa hendibreki ulilia mara sita ukakaza, tairi ikagoma.

Walilipeleka gari kwenye njia ya nyuma inayoteremka kuelekea kwa jirani yao Halima. Upendo alimwomba Samweli abaki nje. Alikataa. Akaketi palepale alipokuwa siku ile, akavuta hendibreki kwa mkono wake wa kulia, akamwonyesha Upendo kwa kidevu: toa mguu kwenye breki, shuka. Upendo alishuka akiwa na jiwe mkononi. Alisimama nyuma ya gari. Gari halikusogea. Alihesabu hadi mia, akaanza tena, mpaka Halima akatoka nje na kuuliza kama kuna msiba.

Jumatatu walikwenda kwenye mazoezi. Upendo aliegesha mahali tambarare kabisa, akatia gia, akavuta hendibreki, na hata hivyo alitoka mara mbili kwenye benchi kwenda kuchungulia. Wakiwa njiani kurudi, Samweli alikohoa kama afanyavyo anapotafuta neno.

"Ya kushoto nayo," alisema, "ina umri uleule. Nimeshaiagiza."

"Baba Goodluck!"

"Jumamosi," alisema Samweli.

Jumamosi hiyo, kabla chai haijachemka, Upendo alikuwa tayari amekwishalala chini ya gari.