Salamu Juu ya Chupa Wazi

Niliona wivu kwa sababu ya chupa. Sioni haja ya kulizungukazunguka hilo. Mimi nina cheti cha chuo. Mwenzangu alitoka Merti mikono mitupu, akaajiriwa kuosha vyombo kwenye maabara yetu ndogo hapa Isiolo. Haukupita mwaka akawa anapandikiza, na chupa zake za tangawizi zilikuwa safi huku zangu zikiota ukungu.

Kazi yenyewe ni hii: unakata chipukizi la tangawizi dogo kama punje ya mchele, unalisafisha, unalipanda ndani ya chupa yenye chakula kilichoganda kama jeli. Likikua unaligawa, unapanda tena. Uchafu kidogo tu ukiingia, ukungu unakula kila kitu. Mkubwa wetu alikuwa anahamia Meru, na ufunguo wa chumba cha kupandikizia angemwachia mmoja wetu. Nilikuwa nimeshaanza kuuona kwenye mkoba wangu.

Nilimchunguza kama mke mwenza. Akinawa mara mbili, mimi nanawa tatu. Nilichoma kibano motoni mpaka kikawa chekundu. Wapi! Baada ya siku chache ukungu mweupe unaningoja, na rafu yake yote ni kijani. Kilichoniudhi zaidi ni kile nilichokiita kiburi. Watu wakiingia na salaam aleikum, yeye ameinamia chupa, kimya, utadhani ameingia paka. Baadaye anawafuata nje, kujipendekeza. Mimi nashusha barakoa papo hapo, najibu waaleikum salaam, na habari za nyumbani juu yake, maana nimelelewa. Mwishowe nikamwambia mkubwa wetu kwamba mtu asiyejibu salamu hafai kusimamia watu.

Akamwita mbele yangu, akamuuliza.

"Si dharau, mkubwa," alisema. "Mama alinikataza kuongea kibuyu ikiwa wazi. Mate inaruka, maziwa inaharibika. Nikishafunga chupa natoka nje, naenda kuwasalimia."

Mkubwa wetu akatazama rafu yangu, kisha barakoa iliyoning'inia kidevuni mwangu. Ni heri angenigombeza. Ijumaa hiyo alimkabidhi ufunguo mbele ya wote, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Siku hizi chupa zangu ni safi. Hilo nalo linaniuma, kwa kuwa somo ni lake. Juzi aliingia, akanisalimia nikiwa nimefungua chupa. Nilinyamaza. Akasimama mlangoni na ule ufunguo mkononi, akingoja bila haraka, macho yake yakicheka. Nilifunga chupa. Nikaandika tarehe kwenye kifuniko, nikakipangusa, nikakipangusa tena, ndipo nikamjibu.