Viti Kumi na Vinne

Tarehe 4 Machi 2022, muuguzi mmoja wa chanjo alibadilisha kadi ya basi lake dogo kutoka gari la abiria kuwa la matumizi binafsi. Kila wiki anapangiwa zahanati tofauti, na aliona hana sababu ya kupanga chumba asimolala. Aling'oa viti, akaweka kitanda, tangi la maji na jiko la gesi. Mwezi mzima alijizoeza kulala garini uani kwa mama yake, akajifunza kuegesha ili kichwa kiwe upande wa juu wa mteremko, la sivyo anaamka kinamgonga.

Wiki ya kuhama, mdogo wake wa kiume aliomba gari akabadilishe oili. Alilirudisha likiwa na viti vya abiria.

"Dada, usinishukuru bado. Viti kumi na vinne! Na dereva wa kukubebea abiria nimeshakupatia."

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Nimempa fundi. Mtu mzima utalalaje garini kama gunia? Watu wanatucheka."

"Hao watu ndio wanaonifanyia kazi zangu?"

Mama yao alinong'ona kwamba kijana alikuwa na nia njema. Nia njema gani hiyo isiyojua kuuliza? Walimpangia maisha akiwa kazini, kisha wakasubiri ashukuru.

Dada alimnyang'anya mdogo wake funguo. "Umeviweka mwenyewe, utaving'oa mwenyewe."

Kesho asubuhi mdogo wake atafungua boliti za viti vyote na kukifuata kitanda kwa fundi. Jumapili, dada mtu anahamia garini.