Harusi Iliyofichwa na Mabano

Gharib bin Said alikuwa mpishi wa halwa wa Mji wa Kale. Shuleni aliishia darasa la nne, lakini jambo moja alilijua kuliko maprofesa: sufuria yenye wakorogaji wengi haiungui, ile ya fundi mmoja mwenye makuu huungua mchana kweupe.

Mwaka 1997 chama cha mtaa kilipopata kompyuta ya msaada, alijifunza kuiandikia kwa asubuhi moja. Kazi ilikuwa nyepesi. Palikuwa na ukurasa mmoja wa matangazo, na yeyote huingia, akaandika, akamsahihisha mwenziwe. Ukitaka neno litoke kwa herufi nene, wewe walizungushia nyota. Basi. Kila asubuhi Mbodze, mtunza ofisi, huuchapa na kuubandika mlangoni, mtaa ukajua nani kafa, nani aoa na maji yatoka lini.

Hapo akazuka Faraz. Alikuwa amesomea kompyuta miezi mitatu, cheti akakitia fremu, na tangu hapo mpe kijiko atakitilia injini. Nyota zilimkera. Hata mpishi wa halwa alizielewa, sasa heshima ya mtaalamu iko wapi? Akaujaza ukurasa amri za "kama" na "basi", visanduku ndani ya visanduku, mabano yanayofunguka leo yakafungwa kesho kutwa.

"Nawarahisishia, ami," alimwambia Gharib. "Wewe wajaza jina na saa tu. Mengine kompyuta itafikiri."

"Na ikifikiri upuzi?"

"Kompyuta haifikiri upuzi."

"Ehe. Hiyo basi haijakuzoea."

Juma lile Gharib alikuwa akimwoza Lamis, mwanawe wa pekee. Nikahi ilikuwa imetangazwa Ijumaa baada ya Alasiri, kisha imamu akapata safari, ikasogezwa hadi baada ya Isha. Alhamisi asubuhi Gharib akaenda ofisini kubadili neno moja. Moja tu! Wageni wakija Alasiri wangekuta mchele mbichi, na aibu ya harusi haifuliki.

Akafungua ukurasa. Tangazo halipo; pametapakaa mabano kama miba ya samaki.

"Mbodze, harusi ya mwanangu imekwenda wapi?"

"Mimi nabandika kinachotoka, mzee. Leo kimetoka kifo kimoja na habari za maji."

Faraz akaitwa, akaja akitabasamu. Alikuwa ameiamuru kompyuta kwamba ukoo ukifiwa, harusi zake zifichwe siku tatu, kwa heshima ya matanga. Na ukoo ulitambuliwa kwa jina la mwisho. Kumbe huko Makupa alikuwa amefariki muuza vyuma mmoja, bin Said, asiyemhusu Gharib kwa damu wala kwa jirani.

"Faraz, nusu ya mji huu ni watoto wa Said! Nusu nyingine ni wa Ali!"

"Kanuni ni sahihi, ami. Ni majina yenu yanayorudiarudia."

"Itoe."

Faraz akatoa bano moja. Marehemu akatoweka, na maji yakatangazwa kuzikwa saa kumi. Akakuna kichwa. "Nipe mpaka Jumamosi."

"Nikahi ni kesho, we mtaalamu!"

Gharib akarudi dukani, akachana boksi la halwa, akaokota mkaa, akaandika: LAMIS BINTI GHARIB. IJUMAA. BAADA YA ISHA. Akalibandika mlangoni pa ofisi. Kufika adhuhuri mtu ameongeza jina la msikiti, mwingine amesahihisha kwamba wanawake waingilie nyuma, wa tatu ameandika, "Waambieni na wa Majengo." Hakuna aliyeulizwa cheti.

Ijumaa usiku mtaa ukafurika hata viatu vikakosa pa kuvuliwa.

Faraz yeye alikuwa amefika Alasiri, saa ya tangazo la kwanza, kanzu imenyooshwa pasi, maana mtu wa hadhi yake hasomi maboksi. Alimkuta Mbodze, aliyekuja kusaidia jikoni, amekalia gunia la vitunguu. Mbodze akampa kisu.

"Wewe wajaza sufuria tu, mwanangu," akamwambia. "Mengine moto utafikiri."