Majibu Sita ya Bi Mahfudha

Bi Mahfudha wa Shela, Malindi, amekaanga kachiri, vile vipande vyembamba vya muhogo, miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ulimi wake umekosea. Aliyethubutu ni Mwambire, msimamizi kijana wa kiwanda cha vitafunio kilichofunguliwa njia ya Kilifi.

Kiwanda kiliita waonjaji kumi. Kila mmoja aliwekewa kachiri sita na kioo cha kugusa chenye maneno: ukavu, chumvi, mafuta, kunata, uchungu. Kazi ilikuwa kutafuna kila kachiri dakika nzima, na kila hisia mpya ikitawala kinywani, kuligusa jina lake. Bi Mahfudha aliipenda kazi ile. Alijua tangu zamani kwamba kachiri haina ladha moja. Huanza kwa mlio, ikaja chumvi, kisha ikalainika na kusema ukweli wake.

Zile zilisema vibaya. Kila moja, ilipofika nusu dakika, ilimkaba kwenye shina la ulimi. Aligusa "uchungu" mara sita.

Adhuhuri Mwambire akaonyesha matokeo ukutani. Uchungu haukuwamo.

"Majibu yako tumeyaondoa, bibi," alisema kwa adabu. "Yametofautiana mno na ya wenzako. Huenda ni umri."

Umri wake hakuwahi kuuficha. Kilichomchemsha damu ni ule wepesi wa kumfuta mtu mzima kama vumbi la meza.

"Mwanangu, wenzangu wamemeza mapema wakashushia maji. Mimi nimetafuna kama mlivyoagiza. Huo ni muhogo mchungu, na haukurowekwa ukatosha. Mtoto akila pakiti nzima ataumwa."

Akakataa kutia sahihi fomu ya matokeo. Akamsogezea sahani muonjaji mwenzake Damaris, mwalimu wa Kibarani aliyeketi kando yake. "Tafuna mpaka dakika iishe. Usimeze."

Damaris akatafuna. Mwishoni uso ukamkunjamana, akagusa "uchungu." Wengine wakajaribu; pamoja na Damaris, saba kati ya tisa wakagusa palepale.

Magunia ya muhogo yalipimwa, yakakutwa na sumu, yakazuiwa. Wiki ya pili ikaja barua ya kiwanda ya kulishukuru jopo zima la waonjaji, bila kutaja kwamba kuna aliyefutwa. Bi Mahfudha akapanda tuktuk hadi kiwandani.

"Shikamoo, bibi," Mwambire akamwamkia.

"Marahaba. Nimefuata majibu yangu."

Hakuketi alipokaribishwa. Alisimama nyuma ya kiti cha Mwambire mpaka majibu yote sita yalipoandikwa upya kwenye matokeo, na jina lake kando.