Ala ya Mti

Tarehe tisa Machi mwaka juzi, mdogo wangu, aliyekuwa akivua samaki upande wa Kisorya, alipotea ziwani. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana.

Wiki iliyofuata tuliitwa mochwari Musoma. Maiti ilikuwa imekaa sana majini, uso hautambuliki. Kiunoni ilibaki kamba na ala ya kisu, kisu chenyewe hakipo. Baba aliinama, akaitazama ala tu. Yeye ni fundi wa ala huku kwetu Butiama. Zetu ni za ngozi ya ng'ombe, manyoya yanaachwa nje, mshono unapita nyuma. Ile ilikuwa ya mti, vipande viwili vilivyochongwa na kuzungushiwa uzi wa nyavu, kama wanavyotumia watu wa ziwani.

"Huyu si wetu," alisema. "Mwanangu nilimshonea ala mimi mwenyewe."

Mhudumu akamwambia, "Mzee, kuna vipimo vinaweza kufanyika."

"Vya nini? Nimeshaona."

Tulirudi nyumbani karibu tufurahi. Mama aliwakataza watu kulia. Akawa anamtengea chakula kila jioni.

Mwezi wa sita nilikwenda Kisorya kuchukua nguo zake. Mvuvi aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja alinipa begi. Juu ya nguo ilikuwepo ala ya baba, imekakamaa, imeota ukungu.

"Ngozi ilikuwa inalowa kila siku," alisema. "Tulikuwa tunamchekaga: 'We mtu wa ng'ombe, ala yako inanuka mpaka sangara wanakimbia!' Mwisho nikamhurumia, nikamchongea ya mti."

Nilikaa juu ya ndoo yake.

"Dada, nimekosea nini?" aliniuliza.

Baba nilimwambia kesho yake asubuhi, mama akiwepo. Hakubisha. Alivaa koti lake la kanisani, tukaondoka sote watatu kwenda Musoma.

Walikuwa wameshamzika pamoja na wengine ambao hawakutambuliwa. Ofisini walituambia kufukua ni mpaka kibali cha mahakama, na kwanza tujue kaburi ni lipi. Mlinzi wa makaburi alitupeleka hadi mwisho wa mstari, majani yamefika magotini.

Mama aliuliza ni lipi.

"Moja kati ya haya mawili, mama. Vibao viliondoka na mvua."

Baba alivua koti, akaanza kung'oa majani kwenye kaburi la kushoto. Alipolimaliza, akahamia la kulia.